Kabla hujatafuta programu ya kuzuia picha chafu, angalia tableti ya mtoto ina akaunti ya nani

Dada, umesema umemkuta mwanao wa miaka sita na picha za aibu kwenye tableti, historia ya kivinjari haina kitu, mumeo anataka tableti ichukuliwe, na wewe unataka kujua uweke programu gani. Wengi wameshakutajia programu. Mimi nina swali kwanza: hiyo tableti umeifungua kwa akaunti ya nani? Nauliza kwa sababu yalinikuta, na mtego niliutega kwa mkono wangu.

Mwaka juzi nilimnunulia binti yangu tableti Kariakoo (tangu sensa ya 2022 wenye Kiswahili fasaha wanaita kishikwambi, kwangu neno hilo halijapita mlangoni). Nilikuwa na haraka. Nikaingiza Gmail yangu ileile ya kwenye simu ili nipakue michezo, nikamkabidhi. Miezi mitatu shwari. Jumapili moja napiga pasi, akaja kaishika kwa mikono miwili: "Baba, huyu mama mbona hana nguo?"

Nikamfokea kabla hata sijaangalia. Kisha nikamgeukia dada wa kazi, maana ndiye anayeshinda na watoto sisi tukiwa kazini. Akaapa, akalia. Mke wangu akasema, hebu tazama kwanza imetokea wapi. Nikapekua Chrome, hamna. YouTube, katuni tupu. Picha ilikuwa ndani ya Google Photos, na nilipoikuza nikaitambua: ilitumwa usiku wa jana yake kwenye grupu letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja sekondari. Simu yangu ilikuwa inahifadhi yenyewe kila kinachotumwa kwenye magrupu, na zamani niliwahi kuiruhusu Google Photos ipandishe picha za WhatsApp mtandaoni. Tableti yenye akaunti hiyohiyo ikazionyesha zote. Kumwomba radhi yule dada kulinishinda kuliko setingi zote nitakazoeleza hapa.

Kwa hiyo anza kwa kuiondoa akaunti yako. Mimi niliifuta tableti ikawa kama mpya, nikamfungulia mtoto akaunti yake kwa Family Link ya Google. Ni bure. Programu ya mzazi inakaa kwenye simu yako, na unaandika umri wa kweli wa mtoto, usimwongezee miaka. Sasa akitaka mchezo mpya, ombi linakuja kwangu nikubali au nikatae, na saa mbili usiku tableti inajifunga yenyewe. Kisha nikaingia WhatsApp kwenye simu yangu, nikazima ile sehemu inayoruhusu picha zionekane kwenye galari ya simu. Hili fanya leo hata kama mengine utayaacha, maana watoto wetu wanashika simu zetu kuliko hizo tableti zao.

YouTube ndiyo yenye kazi. Usiamini kitu kwa sababu ni katuni. Mwaka 2017 ilikuwa kashfa ya dunia nzima: video zenye Peppa Pig na Elsa kwa nje, ndani ukatili na uchafu, na mtoto anapelekwa kutoka moja hadi nyingine bila kubonyeza chochote. Niliondoa YouTube ya kawaida nikaweka YouTube Kids, halafu nikawasha kipengele cha kuonyesha yale tu aliyoidhinisha mzazi. Hapo hata kutafuta hawezi. Jioni mbili tulikaa wote tukichagua, Ubongo Kids ikawa ya kwanza, ya hapahapa Dar na inaongea Kiswahili. Alinung'unika wiki nzima, akazoea.

Kwa kivinjari, tableti zenye Android 9 kwenda juu zina sehemu kwenye setingi za mtandao imeandikwa Private DNS. Hapo ndipo unapoiambia tableti ipitishe kila tovuti kwenye huduma ya kuchuja. Andika family.cloudflare-dns.com, hifadhi, basi. Tovuti za ngono zinazojulikana hazifunguki. Uzuri wake kizuizi kinaifuata tableti popote, iwe Wi-Fi ya jirani au hotspoti ya simu yako. Ila hakioni kilichomo ndani ya YouTube wala WhatsApp, na mtoto mjanja wa darasa la sita anakizima mara moja. Kwa wa miaka sita kinatosha.

Matangazo kwenye michezo ya bure bado yananishinda. Family Link haiyaondoi. Ninachofanya ni kuzima intaneti kabisa anapocheza. Michezo yake mingi haihitaji bando, na bila mtandao matangazo mapya hayaji.

Likizo ya Juni binamu yake alikuja kutoka Morogoro na simu yake mwenyewe, na ufundi wangu wote ukakaa pembeni. Nilijua yaliyomo kwenye simu ile kwa sababu binti yangu alikuja kuniambia. Haikuwa rahisi kufika hapo. Baada ya kumfokea ile Jumapili, kwa wiki kadhaa kila nikiingia sebuleni alikuwa anailaza tableti kifudifudi. Sasa inatumika sebuleni tu, bila hedifoni, na tumekubaliana akikutana na kitu cha ajabu akilete, hatanyang'anywa. Mumeo anayetaka ichukuliwe moja kwa moja namwelewa kabisa, mimi mwenyewe nilishaifungia kabatini siku nne. Tatizo ni kwamba mtoto anajifunza kuwa ukisema unapokonywa.

Na kama kuna mtu mzima anayemtumia ujumbe au kumwomba picha, achana na setingi, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Haikatwi salio.

Fungua taarifa za tableti uangalie ni Android ya ngapi. Ikiwa ni ya 8 kushuka, hiyo Private DNS hutaiona. Niambie hapa kama nyumbani mna ruta, nikuelekeze kuweka kizuizi hicho huko.