Zumaridi haikai katikati ya mkanda: niliyojifunza shimoni Manyara

Vijana wengi wananitumia meseji wanataka kuingia kwenye madini ya vito na swali lao ni lilelile, kaka nina mtaji kidogo, nianzie wapi. Siwezi kujibu kwa madini yote kwa hiyo leo naongelea jiwe moja tu, zumaridi ya kule upande wa Ziwa Manyara, Mayoka na Maji Moto, kwa sababu ndiko nilikokaa shimoni miaka mitatu. Miezi 8 ya mwanzo tulichimba sehemu ya mwamba ambayo haina kitu kabisa, na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba tungeweza kujua haina kitu ndani ya wiki moja kama tungekuwa na mtu wa kutueleza mwamba.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa watu watano, tumechanga hela, tukaonyeshwa sehemu ambapo mkanda mweupe umechomoza juu ya ardhi, mpana kama hatua mbili hivi, unang'aa jua likiupiga. Kila mtu alikuwa anasema fuata nyeupe, mali iko kwenye nyeupe. Basi tukaufuata ule mkanda kwenda chini, nyundo na tindo, baadaye tukakodi kompresa, tunatoa feldispa, yale mawe meupe, mabonge makubwa kama matofali, na kwatzi, jiwe gumu linalofanana na kioo, ya rangi ya moshi, na kweli tukaanza kukuta berili, vijiti vya pembe 6 vinene kama dole gumba, lakini vimefifia rangi kama maji yaliyotiwa maziwa. Tulifurahi sana tukajua tumefika. Broka alipokuja akaviangalia kwa macho tu, hakutoa hata lenzi mfukoni, akasema hii ni berili jamani siyo zumaridi, akapanda pikipiki yake akaondoka.

Sasa hapo ndipo ningependa uelewe kitu ambacho sisi hatukukielewa. Ule mkanda mweupe unaitwa pegmataiti. Uji wa moto wa chini ya ardhi unapopoa na kuganda unakuwa granaiti, lakini kuna mabaki yanayobaki mwishoni kabisa, yana maji mengi na yamejaa vitu ambavyo mawe ya kawaida yameshindwa kuvipokea, kama boroni, lithiamu, na hiki tunachokitafuta sisi, beriliamu. Beriliamu ni adimu mno, kwenye tani nzima ya mwamba wa kawaida unakuta gramu 2 au 3 tu, ila kwenye haya mabaki inajikusanya. Mabaki yanapenya kwenye nyufa yanaganda humo, na kwa sababu yana maji mengi fuwele zinakua kubwa kupita kiasi, kule Madagaska iliwahi kupatikana fuwele ya berili ya mita 18, uzito wake ukakadiriwa tani 380. Kwa hiyo kukuta berili kubwa kwenye pegmataiti siyo ajabu na wala haimaanishi umetajirika.

Zumaridi ni berili hiyohiyo iliyopata kromiamu, ndiyo inayoipa ule ukijani. Na pegmataiti haina kromiamu ya kutosha! Kromiamu inakaa kwenye aina nyingine kabisa ya mwamba, ule mweusi mzito wenye magnesiamu nyingi, asili yake chini sana kwenye tumbo la dunia. Haya mawe mawili kwa kawaida hayakai nyumba moja. Yanakutana sehemu chache, na Manyara ni mojawapo kwa sababu tuko ndani ya ule Ukanda wa Msumbiji, mawe yaliyosukumwa na kukunjwa pamoja mabara yalipogongana miaka kama milioni 600 iliyopita. Pegmataiti ikaingia katikati ya mwamba mweusi na hapo ukatokea mgawano. Nyeupe inatoa silika (ile inayounda kwatzi), potasiamu na beriliamu yake, nyeusi inapokea na kugeuka ulanga, yale magamba meusi ya kahawia yanayong'aa. Zumaridi inazaliwa hapo, ndani ya ulanga, pembeni ya mkanda. Sisi tulikuwa tunachimba katikati ya nyeupe na ulanga tunautupa kama kifusi, miezi 8 tunatupa.

Aliyetuamsha ni mzee mmoja aliyekuwa amechimba maeneo yale tangu ujana wake. Alikuja siku moja kuomba maji ya kunywa, akakaa juu ya kifusi chetu akawa anachambua tu taratibu kwa vidole. Akachukua bonge la ulanga ukubwa wa mkate, akaligonga pembeni kwa nyundo ndogo, siyo kwa nguvu, kama mtu anayepasua nazi akiogopa kumwaga maji. Likafunguka kama kitabu. Ndani kulikuwa na kijiti cha kijani kirefu kama punje tatu za mchele zikipangwa, kimelala sambamba na magamba, kimechanika nyufa nyingi haikuwa mali ya kuuza, lakini kijani chenyewe, jamani, nilikitazama mpaka macho yakaanza kutoa machozi. Akatuambia wanangu, nyeupe ni mama tu, mtoto mtafuteni mgongoni. Hiyo sentensi imenilipa kuliko semina zote nilizokaa baadaye.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza na mkubwa, kabla hujalipa mtu yeyote hela ya shimo, tembea uone maungio, yaani pale nyeupe inapogusa nyeusi. Pegmataiti iliyo ndani ya mawe ya kawaida, pande zote mbili za nyeupe hakuna ulanga mweusi, iache hata kama inapendeza, labda unatafuta kitu kingine. Angalia pia ukingo wa mkanda wenyewe. Ukiona kwatzi imepungua au imeisha kabisa karibu na ukingo, imebaki feldispa nyeupe tupu kama chokaa, hiyo ni dalili nzuri sana, ina maana silika imehama kwenda kwenye nyeusi na mgawano ulifanyika kweli. Halafu tazama unene wa ulanga, na kama mkanda unajikunja au unakatika vipande vipande, sehemu hizo za mikunjo kwetu ndizo zilizokuwa zinatoa, kuliko pale mkanda unapokwenda umenyooka kama rula.

Na usidhani Manyara ni kisa cha peke yake. Zumaridi ya hapa iligunduliwa 1969, lakini mtindo huuhuu wa nyeupe kukutana na nyeusi ndio uliotoa zumaridi za milima ya Ural kule Urusi mwaka 1830, za Kafubu huko Zambia mwaka 1928, na za Sandawana Zimbabwe mwaka 1956. Nimewahi kushika kipande cha mwamba kutoka Zambia, ungeniambia kimetoka kwenye shimo letu ningekubali. Ndiyo maana nasema ukijifunza kusoma maungio umejifunza kazi ya kudumu, hata ukihama mkoa au nchi unaondoka nayo.

Kuna jingine ambalo nikilikumbuka nakosa raha. Kulikuwa na vipande vya kijani kilichokolea vyenye weusi weusi, tukaviona ni zumaridi mbovu tukawa tunaviweka kwenye kopo la rangi tupu, baadhi tuliwapa watoto wa jirani wakawa wanachezea. Usiku mmoja sola imezima, tumewasha kibatari, mwenzetu akawa anachagua mawe ya siku ile akashtuka, akaniita njoo uone. Kipande tulichokuwa tunakiita kijani kimekuwa chekundu cha zambarau mbele ya moto. Tukatoka nacho asubuhi juani, kijani. Ilikuwa aleksandraiti, jiwe ambalo linahitaji beriliamu na kromiamu kama zumaridi tu ila nalo linatumia alumini nyingi na halitaki silika, kwa hiyo mazingira yale ya silika kuhama yanalifaa, na Manyara inajulikana kwa hilo pia kama ilivyo Ural. Likiwa safi na likibadilika vizuri linaweza kuizidi zumaridi bei mbali sana. Tulikwenda kuomba vile vipande kwa watoto tukapata viwili tu.

Basi tenga muda wa kupima kila kijani unachokipata. Kiangalie juani halafu kwenye mwali wa moto, kibatari au mshumaa au balbu ya zamani yenye waya ndani. Tochi ya simu usiitegemee kwa hili kwa sababu mwanga wake mweupe mara nyingi haulibadilishi jiwe vizuri na utapitwa. Pima na uzito mkononi, aleksandraiti ni nzito kuliko zumaridi ya ukubwa uleule, ukizoea mkono unajua. Na kisu: ukikwaruza kijani chako kwa ncha ya chuma kikachubuka, siyo zumaridi wala aleksandraiti, kuna mawe laini ya kijani kama apataiti yanakaa mazingira hayohayo na yamewalaza watu njaa. Ila kwaruza pembeni, sehemu isiyo na maana, usije ukanilaumu.

Baruti. Naomba nisikilizwe hapa. Zumaridi ya kwenye ulanga tayari ina nyufa zake za asili, imebanwa na kusukumwa miaka yote hiyo, ukipiga baruti karibu na maungio umeuza gari kwa bei ya tairi. Sisi tulipiga mara moja kwa sababu mtu aliyetukopesha hela alikuwa anataka haraka, tukafungua ukuta mzuri sana wa ulanga na chini tukakuta unga wa kijani na vipande vipande, kubwa kuliko zote ilikuwa kama kichwa cha kiberiti. Hakuna aliyeongea mpaka jioni. Baruti itumike mbali, kufungua njia kwenye mwamba usio na mali, na ipigwe na mtu mwenye kibali cha baruti, halafu msirudi ndani mpaka moshi uishe kabisa maana ule moshi unaua. Ukibakiza kama mita moja na nusu kufika kwenye maungio weka kila kitu cha nguvu chini, shika tindo, nyundo ndogo na subira.

Ulanga nao una hatari yake. Magamba yake yakilowa yanateleza moja juu ya jingine, kwa hiyo ukuta uliokuwa imara kiangazi, masika unashuka bila hata kupiga kelele. Weka magogo, na mvua kubwa ikipita pumzikeni hata siku tatu, hakuna jiwe linalokimbia. Vumbi la kwatzi linaharibu mapafu polepole bila mtu kujua, mwagieni maji mnapotoboa na mvae barakoa za maana, kitambaa cha mdomoni hakizuii kitu. Nina rafiki wa umri wangu hawezi kupanda mlima mdogo bila kusimama mara tatu, na hajawahi kuvuta sigara.

Kwenye makaratasi sitakaa sana. Leseni ndogo ya uchimbaji, hii tunayoiita PML, inatolewa na Tume ya Madini, ni ya Watanzania, inadumu miaka 7 na eneo halizidi hekta 10. Hakikisha mipaka yako kwa vipimo, usichimbe kwa kuonyeshwa mti na jiwe, na kumbuka ukanda ule una hifadhi ya taifa pembeni, humo hakuna kuingia na nyundo. Mwenye ardhi ya juu mwandikiane naye. Na ninyi wenyewe wenye kuchanga, mwandikiane nani ametoa nini na mgawo ni asilimia ngapi siku jiwe likitoka. Sisi tulikuwa na mapatano ya mdomo, tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, siku ilipotoka fuwele ya kwanza ya maana tulikaa usiku kucha tunabishana na wawili kati yetu hatujasalimiana mpaka leo.

Kuuza, nenda kwenye masoko ya madini, yameanza 2019 na yamesaidia. Utakatwa mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1 kwenye vito ghafi, wengine wanaona nyingi, mimi baada ya kuuza gizani kwa mtu aliyeniambia jiwe langu lina kasoro halafu nikasikia limevuka mpaka kwa bei nyingine kabisa, naona ni nafuu. Jiwe lioshe kwa maji na brashi laini tu. Usilipake mafuta ili ling'ae, mnunuzi mzoefu anajua na atashusha bei ya kila kitu ulichonacho siku hiyo. Tenga pia ya kijani safi hata kama ni ndogo, usiichanganye na kapu la hovyo, ukichanganya bei inafuata zile mbaya.

Kitu cha mwisho ambacho kwetu kilianza kuleta matokeo ni daftari. Kila siku tunachora ukuta ulivyo, nyeupe iko wapi, ulanga una unene wa viganja vingapi, kijani kimetokea upande gani wa mkanda. Baada ya miezi minne michoro ikaanza kuonyesha kwamba vijani vyote vimetoka upande wa chini wa mkanda, pale unapolala, tukaacha kabisa kupoteza nguvu upande wa juu.

Kwa hiyo kijana unayeniuliza uanzie wapi, anzia kwenye vifusi vya mashimo ya zamani. Omba ruhusa kwa mwenye leseni, nenda na ndoo ya maji, chekecheo na nyundo ndogo, kaa siku mbili tatu unafungua mabonge ya ulanga moja moja. Ukikuta kifusi kimejaa nyeupe tupu rudi nyumbani na hela yako. Ukikuta ulanga una vijiti vya kijani hata vile vibovu visivyouzika, muulize mwenye kifusi kilitoka ukuta gani, kisha ndiyo uanze kuongea naye habari za mtaji.