Kabla hujakata fremu ya nyuma

Ndugu, umeuliza kama unaweza kukata fremu ya nyuma ya pikipiki yako upate kiti kifupi cha mtindo wa zamani. Unaweza, ila usianze na grenda. Kwanza injini iwake na breki zishike. Pikipiki nzuri isiyowaka ni pambo tu.

Kata nyuma ya vishikizo vya shokapu, vyenyewe usiviguse. Chomoa betri kabla ya kuchomelea. Kisha toa shokapu, inua tairi hadi mwisho wake uone kama litagusa kiti.

Ukiondoa boksi la hewa ukaweka kichujio cha wazi, hewa itazidi petroli na injini itachemka. Weka jeti kubwa zaidi kwenye kabureta (jeti ni kitundu kinachopitisha petroli), halafu kagua ncha ya plagi: nyeupe, petroli bado haitoshi; kahawia ndiyo yenyewe. Mimi boksi ningeliacha.