Kila nikifungua Excel mpya naanza kupanga upya

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi karani wa kikundi cha wakulima wa parachichi huku Tukuyu, kila asubuhi nafungua Excel mpya naandika mizigo, jina la mkulima, kreti, kilo, bei. Kila siku lazima nikuze maandishi, nibadili karatasi iwe A4 maana inakuja Letter na printa inagoma. Na juzi niliandika 5/6 ikatoka tarehe 6 mwezi wa 5, mzee mmoja akajua amerukwa kwenye malipo, alinuna kweli. Haiwezi kufunguka tu ikiwa tayari imepangwa?

JIBU: Pole sana dada, hiyo ya mzee imenigusa ngoja nianze nayo. Tarehe haitokani na shiti, ni Windows imesetiwa Kimarekani, hata ungepanga shiti mpaka uchoke isingesaidia. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika intl.cpl, Enta, kwenye Format chagua English ya United Kingdom, OK. Za nyuma hazitajirekebisha, zipitie moja moja na daftari la mizani mkononi, tafadhali usiruke hilo, ni pesa za watu.

Haya, templeti, yaani faili la mfano lililopangwa tayari, Excel inaliiga kila ukifungua jipya. Fungua faili tupu upange kwa mara ya mwisho, maandishi saizi 12, karatasi A4, kisha F12, dirisha la kusevu litafunguka. Kwenye Save as type chagua Excel Template KWANZA, maana ukishachagua, Excel inahamia folda nyingine yenyewe na wengi wanapotelea hapo. Ndo sasa kwenye sehemu ya jina andika %appdata%\Microsoft\Excel\XLSTART, Enta, folda ikifunguka andika jina Book, Book tu, sio Book1 wala jina la kikundi, sevu. Funga Excel, fungua tena, na usibonyeze kile kiboksi cha Blank workbook, hicho kinaleta ile ya kiwandani, wewe bonyeza Ctrl na N.

Ukiongeza shiti ya pili ndani ya faili itakuja ya kiwandani pia, kwa hiyo sevu nakala ya hiyo Book yenye shiti moja, aina ileile ya Excel Template, folda hiyohiyo ya XLSTART, iite Sheet.

Vichwa vya kreti na kilo usiviweke humo, la sivyo hata faili la michango ya msiba litafunguka na kreti. Vitengenezee templeti yake, F12, aina ileile, liache kwenye folda ambayo Excel inakupeleka yenyewe, asubuhi unalikuta kwenye New chini ya Personal.