Tia achari kwanza, lebo baadaye

Juzi binti mmoja wa Muheza anayesomea usanifu wa michoro aliniandikia: "Shikamoo dada. Mradi wangu wa mwisho ni kifungashio cha chai ya viungo kutoka milima ya Amani. Nimekutumia rangi tatu, naomba unichagulie moja." Picha zake nilizitazama kwa utulivu, maana mtoto ana jicho. Mfuko wa kaki, mchoro wa iliki umetulia, herufi zinasomeka. Nikamuuliza jambo moja tu: huo mfuko umeshautia chai? Akanijibu kuwa mfuko bado haupo, hizo ni picha za kompyuta.

Namjibu hapa kwa sababu ujumbe wa namna hii huja kila wanafunzi wanapokaribia kuwasilisha miradi, na kwa sababu jambo lenyewe linanigusa pabaya.

Mradi wangu mimi ulikuwa achari ya maembe. Mwenye achari ni mama mmoja wa mtaa wetu wa Ngamiani, mjini Tanga, Barabara ya 12. Mtaa mzima tumekua tukila achari yake kwa wali, kwa mihogo, kwa chochote. Alikuwa akiiuza kwenye chupa zilizokwisha kutumika, zimeoshwa vizuri, hazina hata jina. Wenzangu chuoni Dar es Salaam walibuni juisi na chokoleti ambazo hakuna aliyewahi kuzionja, kwa kuwa hazikuwepo. Likizo ilipofika nilipanda basi nikarudi Tanga, nikaomba nikae jikoni kwa yule mama.

Mengi ninayoyajua kuhusu kazi hii niliyapata jikoni kwake. Achari inaingia chupani ikiwa ya moto, na ukibandika lebo kabla chupa haijapoa, gundi inalegea na pembe zinainuka. Mafuta nayo hayakai ndani. Yanapanda kwenye nyuzi za mfuniko, yanateremka shingoni, yanafika kwenye lebo, na yana bizari ya manjano ndani yake. Lebo nyeupe ya karatasi inageuka kama tambara la jikoni kabla mteja hajala nusu ya chupa.

Halafu kuna umbo la chupa. Ile tuliyoipata ilikuwa pana juu, nyembamba chini. Ukiizungushia karatasi iliyokatwa mstatili, ukingo mmoja unakaa na mwingine unafanya mikunjo. Lebo ya chupa ya namna hiyo hukatwa kwa upinde. Kwenye picha ya kompyuta hutaliona hilo, kwa sababu huko lebo hukaa sawasawa siku zote. Tulichukua gazeti, mama akaishika chupa kwa mikono miwili, mimi nikalizungusha na kulibana, kisha nikapitisha penseli juu na chini pale nilipotaka lebo ianzie na iishie. Nilipolikunjua mezani, upinde ulikuwa umejichora wenyewe. Gazeti lile ninalo hadi leo.

Mwisho tukaamua stika ya plastiki badala ya karatasi. Ukanda wa juu nikaupaka manjano iliyokolea, jina la achari nikalishusha chini. Watu husifu ile rangi wakidhani niliitafuta kwa uzuri wake. Niliichagua kwa sababu mafuta yenye bizari yakidondokea juu ya manjano, doa halionekani.

Siku ya kuwasilisha niliweka mezani chupa zilizojaa achari. Mmoja wa waamuzi aliichukua moja kwa ncha za vidole, akaigeuza, akasema, "Mbona inafanana na kitu cha sokoni?" Nikamwambia ni ya sokoni, inauzwa Ngamiani. Wakacheka. Alama walizonipa zilinivunja moyo, na sifa za siku ile zikaenda kwa chupa ya juisi iliyokuwa ukutani tu, kwenye mwanga wa projekta, yenye umbo ambalo sijui ni kiwanda gani kingekubali kulifinyanga. Miaka imepita na kile kicheko bado kinanichoma. Sikuona haki wakati ule na sioni haki sasa.

Lakini achari ile bado inauzwa, na lebo ni ileile. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na mama alipoanza kufuatilia taratibu, akipita SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hapahapa Tanga kuomba mwongozo, lebo haikuhitaji kuchorwa upya. Kila kinachotakiwa kilikuwa na nafasi yake: jina la bidhaa, viambato kuanzia kilicho kingi hadi kidogo, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namna ya kuhifadhi. Wadogo zangu, haya maandishi si uchafu wa kusukumia nyuma baada ya kumaliza kazi nzuri. Ndiyo kazi. Anzeni nayo, maana ndiyo yatakayowaambia lebo iwe kubwa kiasi gani.

Na hizo tarehe acheni pa kuzigonga. Mjasiriamali wetu anatumia muhuri wa mkono, na wino wa muhuri haushiki juu ya laminesheni inayong'aa, yaani ule utando wa plastiki unaofunika lebo; ukipitisha kidole unafutika. Mwambie mchapaji aache kidirisha kisichopakwa kitu.

Bakodi nayo isiwe pambo. Namba zinazotolewa hapa Tanzania huanza na 620. Mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, hivyo mistari myekundu juu ya nyeupe zinaiona kama karatasi tupu. Tumia nyeusi juu ya nyeupe, na kwenye chupa nyembamba ilaze ili mistari ipandane kama ngazi, isizunguke na mviringo wa chupa.

Sasa chai ya mdogo wangu wa Muheza. Mfuko wa kaki ni mzuri, na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, kila mwanafunzi anaupenda. Lakini kaki tupu haizuii harufu. Iliki, karafuu na mdalasini vinanukia kwa sababu mafuta yake yanaruka hewani, na karatasi inayaachia yaende. Unyevu wa Tanga nao unaingia kwa njia hiyohiyo. Mfikirie mwenye duka anayepanga chai karibu na sabuni, kama wanavyopanga wengi wetu, na chai yako itanuka sabuni. Tia chai mfukoni, ufunge, uweke dirishani jirani na kipande cha sabuni, urudi baada ya wiki kadhaa uinuse. Hapo utajua kama unahitaji mfuko wa ndani wa foili, na ukishaujua unene wa huo mfuko wa ndani vipimo vyako vyote vya nje vitabadilika. Rangi itafuata.

Mwaka 1915 Coca-Cola walipotafuta chupa mpya, sharti lao lilikuwa kwamba mtu aitambue hata akiipapasa gizani. Kampuni ya Root Glass ya Indiana, Marekani, ikashinda. Walianza na mkono wa mnywaji. Nanyi anzeni na mkono: wa anayejaza, wa anayepanga dukani, wa anayefungua akiwa na vidole vyenye mafuta. Ukikaa na mtengenezaji na ukaijaza bidhaa yako, hakuna mwamuzi atakayekuuliza swali ambalo hukulijibu tayari jikoni. Akicheka, mwache acheke.

Ukimaliza, mkabidhi mwenye bidhaa faili la kuchapishia, herufi zikiwa zimegeuzwa michoro ili zisibadilike kwenye kompyuta ya mchapaji, milimita 3 za ziada zikiwa zimeachwa kila upande kwa ajili ya kukata. Liweke kwenye flashi, umpe yeye mwenyewe mkononi, na kwenye karatasi umwandikie jina la stika, unene wake na rangi zilizotumika. Wapo akina mama wengi waliolipia lebo mara moja, mbunifu akapotea na faili, wakarudi kwenye chupa zisizo na jina.