Kuchoma insulini mbele za watu: chooni si mahali pake

Mdau ameuliza hivi: anatumia Mixtard (insulini ya mchanganyiko) asubuhi na jioni, kazi yake ni dukani Kariakoo, jioni anakula kwa mama ntilie kabla ya kupanda gari la Mbagala. Anaona haya kujichoma mbele za watu, kwa hiyo siku nyingine anajifungia chooni na siku nyingine anaruka dozi kabisa. Pia anataka kujua kama anaweza kuchoma juu ya nguo.

Ndugu yangu, choo kiache. Hakuna pa kuweka kichupa, sakafu imelowa, taa hafifu, na mtu anagonga mlango wakati unahesabu mistari ya bomba la sindano. Hapo ndipo mtu anavuta yuniti 24 badala ya 14. Bomba la mililita 1 la insulini ya yuniti 100 kwa kawaida kila mstari mdogo ni yuniti 2, la nusu mililita kila mstari ni yuniti 1, na ukibadilishiwa bomba duka la dawa bila kuangalia, unakosea bila kujua. Kama dozi yako haizidi yuniti 50, omba la nusu mililita.

Kaa kwenye meza, mgongo ukutani. Kichupa cha Mixtard kibiringishe kati ya viganja mara 10, kisha kipindue juu chini mara 10, taratibu, usikitikise kwa nguvu maana povu linakuharibia kipimo. Rangi iwe sawasawa kama maziwa. Ukiona mabonge, au vitu vyeupe vimeng'ang'ania ukutani mwa kichupa, hiyo imeharibika. Ingiza hewa kiasi cha dozi yako, vuta dawa, gonga bomba ili viputo vya hewa vipande juu, virudishe kichupani. Fungua vifungo 2 vya chini vya shati, shika nyama ya tumbo, vidole viwili au zaidi kutoka kitovuni, choma, sukuma, hesabu hadi 10, toa. Aliye meza ya pili hajaona kitu. Dada aliyevaa gauni refu atandaze kanga mapajani na achome paja la nje, ingawa mimi napendelea tumbo kwa mtu atakayekimbilia gari: paja likifanya kazi muda mfupi baada ya sindano, dawa huingia haraka kuliko kawaida.

Juu ya nguo, hapana. Huoni unapochoma, huwezi kushika nyama vizuri, na kitambaa kizito kama jinzi kinakula urefu wa sindano. Ukitumia peni ya insulini yenye sindano ya milimita 4 ndiyo kabisa, dawa inabaki juu juu. Na sogeza kila mara kama upana wa kidole kutoka ulipochoma jana. Ukirudia palepale nyama inavimba na kuwa ngumu, haiumi ukiichoma, kwa hiyo watu wanaipenda, lakini dawa hapo inaingia kwa kubahatisha: leo sukari juu, kesho chini.

Usivute dozi nyumbani asubuhi ukaitembeza kwenye mkoba hadi jioni. Dawa inatuama, sindano inaziba, na bomba likibanwa na vitu vingine dozi inamwagika.

Sasa hatari kubwa kuliko macho ya watu. Mixtard huchomwa kama dakika 30 kabla ya kula. Watu wengi wanachomea kazini ili wakale nyumbani, halafu foleni ya Kilwa Road inawashika saa nzima na nusu. Usichome mpaka chakula unakiona. Kwa mama ntilie wali na maharage vipo tayari, choma, subiri, kula. Kama chakula chako ni cha nyumbani, choma ukishafika. Ukiwa umeruka dozi, usijilipizie kwa kuongeza inayofuata, uliza kliniki.

Kwenye daladala iliyojaa, jasho la sukari kushuka linafanana na jasho la joto. Tofauti ni mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, mawazo kuchanganyika. Ukiweza pima; chini ya 3.9 mmol/L ni imeshuka. Usipoweza kupima, tibu kwanza: vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Rudia baada ya dakika 15 kama hujapata nafuu, kisha ule. Sukari iwe mfukoni, siyo kwenye begi lililopo kwenye buti.

Begi lenye insulini nalo usiliweke mbele karibu na dereva, chini yake kuna injini inayochemka. Kichupa kinachotumika hakihitaji friji bali kivuli na joto lisilozidi nyuzi 30, na Dar ya Januari mchana inapita hapo. Kifunge kwenye kifuko cha nailoni, kitie ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi, barafu isikiguse. Iliyoganda haifai hata ikiyeyuka. Andika tarehe ya kufungua, na ikifika wiki 4 anza kipya.

Kuna jambo la mtaani la kusema wazi: ukionekana na bomba, wapo watakaodhani unajidunga unga. Tembea na kadi ya kliniki pamoja na kichupa chenye lebo, ukiulizwa sema "nina kisukari, hii ni insulini", basi. Na bosi au jirani wa duka ajue, ili ukianza kuropoka akupe soda badala ya kukuacha ulale.

Sindano iliyotumika usiitupe kwenye pipa la soko. Waokota chupa wanaingiza mikono humo. Beba kopo gumu la plastiki lenye mfuniko, nyumbani weka chupa ya dawa ya kufulia iliyoisha, ikijaa robo tatu funga kwa selotepu na uipeleke kliniki siku yako ya kuhudhuria.