Matusi ya Kizungu: mmeuliza, haya majibu

Wiki hii maswali yote yameangukia kwenye matusi ya Kiingereza, sijui nani kawachokoza. Twende.

Kaka, kuna meseji inazunguka WhatsApp inasema lile neno la F (fuck) ni kifupi cha kibali cha mfalme kwa wanandoa. Ni kweli?

Uongo mtupu, usiisambaze tena. Waingereza wa zamani hawakuwa na mazoea ya kuunda maneno kwa kuunga herufi za mwanzo, mchezo huo umeshika kasi karne ya 20. Neno lenyewe ni la ukoo wa lugha za Kigermanik, yaani Kiingereza na ndugu zake kama Kijerumani, na lina ndugu zake mpaka Uholanzi. Kuna jalada la mahakama ya Chester la mwaka 1310 lina mtuhumiwa anaitwa Roger, na jina lake la pili ni neno hilohilo limeunganishwa na kitovu, yaani inaelekea walimwita jamaa asiyejua pa kupitia, na karani akaliandika hivyohivyo bila aibu! Mwanahistoria Paul Booth ndo alilifukunyua, habari zikasambaa 2015. Na ile meseji nyingine, kwamba shit (mavi) ni kifupi cha maelekezo ya kupakia mbolea melini, nayo ni hadithi tu.

Ina maana wazungu wa zamani hawakuwa na aibu?

Walikuwa nayo ila ilikaa sehemu nyingine. Enzi hizo tusi zito lilikuwa la kumchezea Mungu, kuapa kwa majeraha yake au damu yake, watu wakawa wanayakata maneno ili wapone, zounds kwa mfano ni majeraha ya Mungu yaliyomezwa nusu. Mwaka 1606 bunge likapitisha sheria, mwigizaji akitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani faini pauni 10, na kipindi kile hiyo sio hela ya mboga. Mambo ya mwili sasa, walikuwa wanayasema tu. London na Oxford miaka ya 1200 kulikuwa na mtaa unaitwa Gropecunt Lane, anayejua Kiingereza ameshaelewa biashara gani ilifanyika pale, yaani ukahaba, na hilo ndo jina lililoandikwa kwenye hati. Baadaye, hasa enzi za Malkia Victoria, aibu ikahamia mwilini. Leo imehama tena iko kwenye rangi na asili ya mtu: mtangazaji likimponyoka la F ataomba radhi maisha yaendelee, likimponyoka lile la N, tusi la kuwadharau watu weusi, kazi imeota mbawa. Mimi naona hapo wamefanya la maana.

Kwa nini Wamarekani jogoo wanamwita rooster?

Kwa sababu cock, jina la zamani la jogoo, ilishakuwa na maana nyingine ya kiume. Wenye adabu zao wakaona bora jogoo abadilishwe jina.

Nafanya kazi hotelini Zanzibar, wageni wa Uingereza kila neno bloody. Wananitukana?

Hapana dada, hiyo ni chumvi tu siku hizi. Ila mwaka 1914 ilikuwa balaa, mwigizaji Mrs Patrick Campbell alilitamka jukwaani London kwenye tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw na magazeti yakawaka. Na hata 2006 Australia walitoa tangazo la utalii lenye "bloody hell", TV za Uingereza zikaligomea kwanza. Kwa hiyo usikasirike, lakini na wewe usimjibu mgeni hivyo.

Mwanangu wa form two anasema shit kila saa, nikimkemea anasema sio tusi. Tena anadai kutukana kunapunguza maumivu!

Kwenye maumivu kakushinda mama. Mwaka 2009 mtafiti Richard Stephens na wenzake wa Keele University ya Uingereza waliwatumbukiza wanafunzi mikono kwenye maji ya baridi kali, wanaotukana wakavumilia muda mrefu kuliko wanaotaja neno la kawaida. Ila utafiti uliofuata ukaonyesha wanaotukana kila siku hawapati nafuu hiyo kivile, kwa hiyo dogo anamaliza dawa bure. Hilo la "sio tusi" nalo lina sababu, lugha uliyoikuta ukubwani matusi yake hayachomi kama ya lugha uliyonyonyeshwa nayo, ndo maana hawa watoto Kiingereza wanakimwaga tu. Mwambie alitafsiri, kisha akaliseme mbele ya babu yake.