Mpango wa mishahara unafungwa Septemba 30, 2021: nitafute kazi nyingine au nisubiri kuitwa? (Swali na jibu hili ni vya Septemba 2021; viwango na masharti yaliyotajwa ni ya wakati huo.)

SWALI: Nafanya kazi katika jiko linaloandaa chakula cha ndege karibu na uwanja wa Heathrow tangu Juni 2014, na mwezi Machi 2021 nilitimiza miaka 44. Tangu Aprili 2020 nimepumzishwa nyumbani, nikilipwa asilimia 80 ya mshahara wangu wa pauni 400 kwa wiki. Meneja hutuambia kwa simu tu kwamba tuendelee kusubiri. Sasa serikali inafunga mpango wake wa kuwasaidia waajiri kulipa mishahara ya waliopumzishwa kwa sababu ya korona (furlough) tarehe 30 Septemba 2021. Nimeona nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee, lakini mume wangu ananionya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Je, nikitafuta kazi nyingine nitapoteza haki zangu za miaka saba? (Msomaji, Hounslow)

JIBU: Dada yangu, anza kutafuta leo, lakini usiandike barua ya kuacha kazi. Wengi wanaoniletea swali kama lako huchanganya kutafuta na kuacha, na hapo ndipo wanapopata hasara, kwa sababu sheria za kazi za Uingereza hazimnyang'anyi mtu haki yoyote kwa kuwa ameomba kazi mahali pengine, ilhali aliyejiuzulu mwenyewe kabla ya kupewa notisi hupoteza chote kiinua mgongo chake, yaani malipo ya anayepunguzwa kazini. Methali ya mumeo ina ukweli wake, ila katika jambo hili kushika mbili kwa muda kunaruhusiwa, na kwako wewe ni lazima.

Kinachokwisha tarehe 30 Septemba 2021 ni fedha ambazo serikali inamrudishia mwajiri, na mkataba wako haukwishi pamoja nazo. Mwezi Julai serikali ilichangia asilimia 70 ya mshahara na mwajiri 10; Agosti na Septemba serikali imeshuka hadi 60 na mwajiri amepanda hadi 20, mbali na michango ya Bima ya Taifa na pensheni ambayo amekuwa akiibeba tangu Agosti 2020. Kuanzia tarehe 1 Oktoba mzigo wote unamwangukia yeye. Anaweza kukuita kazini kwa mshahara wako kamili, anaweza kukuomba mkubaliane saa pungufu, au anaweza kuanza utaratibu wa kukupunguza kazini. Asichoweza ni kukuacha nyumbani bila malipo kwa kukwambia kwamba fedha za serikali zimekwisha, isipokuwa mkataba wako una kifungu kinachomruhusu kukusimamisha kwa kukosekana kazi.

Naomba usome mkataba wako kwa ajili ya kifungu hicho kabla ya jambo jingine lolote. Kama hakipo na bado wewe ni mwajiriwa uliye tayari kufanya kazi, unadai mshahara kamili hata kama jiko limefungwa. Kama kipo, mwajiri analazimika kukulipa kiasi kidogo tu cha dhamana, yaani, kwa kiwango cha 2021, pauni 30 kwa siku kwa siku zisizozidi tano katika kila miezi mitatu, na hakuna familia ya London inayoweza kuishi kwa hicho. Hata hivyo, ukisimamishwa hivyo kwa wiki nne mfululizo, au kwa wiki sita ndani ya wiki 13, sheria inakupa nafasi ya kumwandikia mwajiri ukidai kiinua mgongo, na kuna muda maalumu wa kufanya hivyo, kwa hiyo usiache wiki zipite ukitumaini simu italia.

Mwajiri wako atafanya lipi kati ya hayo? Mimi siangalii maneno ya meneja, naangalia saa za kazi. Tangu Julai 2020 mpango huu umemruhusu mwajiri kumrudisha mtu kwa siku mbili au tatu za wiki na kudai msaada kwa saa zilizobaki. Jiko ambalo limeanza kuwarudisha wenzako kwa zamu chache lina kazi na linapima hatua zake. Jiko ambalo kwa miezi kumi na saba halijakuita hata kwa siku moja lina uzito mwingine. Takwimu za Mamlaka ya Mapato zinaonyesha kwamba hadi mwisho wa Julai karibu ajira milioni 1.6 zilikuwa bado ndani ya mpango, na usafiri wa abiria kwa ndege ndio uliokuwa na sehemu kubwa zaidi ya wafanyakazi walio nyumbani. Kazi yako inategemea ndege hizohizo. Nakwambia hivi kwa kukuonea uchungu, kwa sababu najua unalipenda jiko lile, lakini nisingekuwa mshauri mwema kama ningekuacha uamini kwamba Oktoba kila mtu ataitwa.

Kwa upande wa pili, huu si wakati mbaya wa kutafuta. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imetangaza kwamba kati ya Juni na Agosti nafasi za kazi zilizo wazi zilifika 1,034,000, na ni mara ya kwanza kuvuka milioni moja tangu hesabu hizo zianze mwaka 2001. Kutunza wazee, mahoteli, maghala na udereva wa malori vyote vinahitaji watu. Kuhusu nyumba uliyoiona, ulizia mapema suala la chanjo: katika England, kuanzia tarehe 11 Novemba 2021, anayefanya kazi ndani ya nyumba za namna hiyo atatakiwa awe amekamilisha dozi mbili za chanjo ya korona, isipokuwa mwenye sababu ya kitabibu (sharti hili lilifutwa Machi 2022), na kati ya dozi ya kwanza na ya pili hupita wiki kadhaa.

Unaweza hata kuanza kazi hiyo sasa, ukiwa bado unalipwa na jiko. Mpango unaruhusu aliyepumzishwa kufanya kazi kwa mwajiri mwingine, mradi mkataba wake wa kwanza haukatazi. Mweleze mwajiri mpya kwamba una kazi nyingine, na utarajie kwamba mshahara wa pili huenda ukakatwa kodi ya asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza, kwa sababu kiwango kisichotozwa kodi kinatumika kwenye kazi ya kwanza. Jambo la kuangalia ni zamu. Jiko likikuita Oktoba nawe ukakataa kwa kuwa uko zamu kwingine, basi ndipo itakapoonekana umeacha mwenyewe.

Sasa tuhesabu, maana bila hesabu uamuzi huu unakuwa wa hofu tu. Umetimiza zaidi ya miaka miwili ya utumishi mfululizo, kwa hiyo unastahili kiinua mgongo cha kisheria. Kila mwaka kamili uliofanya kazi ukiwa na miaka 22 hadi 40 una thamani ya mshahara wa wiki moja, na kila mwaka kamili tangu ulipofikisha 41 una thamani ya wiki moja na nusu. Miaka huhesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya kuondoka; kwako wewe, ukipunguzwa vuli hii, mitatu inaingia kwenye kiwango cha juu na minne kwenye kile cha chini. Hizo ni wiki nane na nusu, sawa na pauni 3,400. Ongeza notisi ya wiki saba, moja kwa kila mwaka, yaani pauni 2,800, na malipo ya likizo ambayo hukuitumia, kwa kuwa siku za likizo zimeendelea kujikusanya ulipokuwa nyumbani. Hesabu hiyo inafanywa kwa pauni zako 400. Kanuni zilizoanza tarehe 31 Julai 2020 zinamkataza mwajiri kukokotoa kiinua mgongo hiki kwa zile 320 unazopokea sasa. Ukijiuzulu leo, hizo pauni 3,400 zinapotea zote.

Kuna mtego mmoja ambao umewaumiza watu makini kabisa. Barua inayosema kwamba nafasi yako "iko hatarini" si notisi. Ukiipokea, ukapata kazi mpya na kuondoka kesho yake, umejiuzulu. Ngoja notisi rasmi yenye tarehe ya mwisho wa ajira, kisha, kama mwajiri mpya anakuhitaji mapema, omba kwa maandishi uruhusiwe kuondoka kabla ya tarehe hiyo bila kupoteza kiinua mgongo. Hapa Acas, taasisi ya umma ya ushauri na usuluhishi wa mambo ya kazi, au Citizens Advice, shirika la hisani linaloshauri wananchi, watakusaidia bure kupanga maneno, na usiandike chochote kabla ya kuzungumza nao. Ukishakuwa ndani ya notisi, una haki pia ya kupewa muda wa kutosha kwenda kwenye usaili.

Kwa wasomaji wengine walio hapa kwa viza ya kazi inayodhaminiwa na mwajiri, hesabu ni tofauti na ngumu zaidi: hamwezi kuhamia kwa mwajiri mwingine bila maombi mapya, na kazi ikikoma muda wa kukaa kwa kawaida hufupishwa hadi siku 60. Muoneni mwanasheria wa uhamiaji kabla ya Oktoba.

Wiki hii mwandikie meneja, kwa barua pepe ili ibaki kumbukumbu, umuulize mambo matatu: utarudi lini, kwa saa ngapi, na kama kampuni inakusudia kupunguza watu. Ikiwa wanaopunguzwa ni 20 au zaidi ndani ya siku 90, lazima mashauriano yaanze angalau siku 30 kabla ya wa kwanza kuondoka, na 45 wakifika 100. Jibu lisipokuja, au ukaondolewa bila utaratibu, piga simu Acas mara moja, kwa sababu dai la kufukuzwa kinyume cha haki lina miezi mitatu pungufu siku moja, na la kiinua mgongo lina miezi sita.